Kigoda cha Alhamisi

Mwalimu Deodatus Bagenda alikuwa bingwa wa kuandika juu ya ukimya, na waliokiona cha moto kwa ubingwa huo ni majirani zake wa Pasiansi, Mwanza. Redio ya Ngosha, fundi matofali wa nyumba ya pili, ikipanda sauti kidogo tu, Mwalimu alitoka na ndala zake mpaka ukutani akamweleza, kwa Kiswahili cha darasani, kwamba humu ndani kuna mtu anafanya kazi ya Mungu. Ngosha alikuwa mtu mpole. Alipunguza, akaomba radhi, na baada ya wiki mbili akasahau tena. Ndivyo walivyoishi.

Usimchukulie vibaya huyu mzee. Alitoka Muleba akiwa kijana, akafundisha Kiswahili na dini katika shule za kandokando ya ziwa mpaka akastaafu, na alipostaafu akaanza kuandika vijitabu vya tafakari. Viliuzwa Jumapili kwenye meza nje ya kanisa, katikati ya rozari na mishumaa. Watu walivipenda. Wajane hasa walivipenda, kwa sababu ndani yake aliwaambia kwamba mwenye Mungu hawezi kuwa mpweke. Aliliandika neno hilo mara nyingi, kila mara kwa uhakika zaidi, na wakati wote huo mkewe Felicitas alikuwa jikoni akiimba.

Kisha Felicitas akafariki. Wakamsafirisha kwa meli, wakamzika Muleba kwenye kibanja cha ukoo, katikati ya migomba, na pembeni yake wakaacha nafasi ya mume. Mwalimu akapanda meli kurudi Mwanza peke yake. Binti yake Sharon, anayefanya kazi Dodoma, alimwomba ahamie kwake, akakataa. Alisema ana vitabu vya kuandika.

Jioni ya kwanza nyumbani alikaa kusali rozari. Walizoea kusali wawili: yeye anaanza Salamu Maria, mkewe anaipokea katikati na kuimaliza. Basi akaanza, akafika pale pa kupokelewa, akanyamaza. Alinyamaza muda mrefu kabla ya kukumbuka kwamba sehemu iliyobaki nayo ni yake. Miaka mitatu baadaye bado alikuwa akinyamaza pale pale. Ulimi ulikataa kujifunza.

Jambo lililomtesa kuliko msiba wenyewe ni aibu. Mungu alikuwa naye. Hilo hakulitilia shaka. Na bado nyumba ilimuuma. Alikaa mezani akasikia jokofu likinguruma kama ndiyo mazungumzo. Aliwasha taa ya sebuleni na ya jikoni, zote mbili, kwa ajili ya mtu mmoja. Akajiambia kwamba kama alichokiandika ni kweli, basi imani yake ni bandia, maana ingekuwa halisi asingeona upweke. Hakutaka mtu alione hilo. Wanajumuiya wake walipokuja kumwambia kwamba zamu ya kusali nyumbani kwake imefika, alimwomba mwenyekiti, Mama Kashindye, amruke kwa sasa, yuko kwenye uandishi. Walimruka mara ya kwanza, wakamruka ya pili, na baadaye hawakuuliza tena.

Hapo ndipo aliposikia habari za Sista Teodora.

Sista huyu alikuwa ameishi miaka zaidi ya thelathini katika monasteri ya masista wa ndani, wale wasiotoka. Masista wakazeeka, wakafa mmoja mmoja, nyumba ikafungwa. Waliobaki waligawanywa kwenye nyumba nyingine, lakini yeye aliomba ruhusa aje Mwanza kumuuguza kaka yake, na kaka alipokufa hakuwa tena na nguvu za kuanza upya. Akapanga chumba cha uani Mirongo, kwenye nyumba ya zamani ya Mama Pramila, Mhindi mfanyabiashara ambaye ukoo wake umeuza vitambaa mjini hapo tangu zamani. Alikaa humo, akasali kwa saa zake, akashona vitambaa vya altare. Watu wachache waliomjua walisema ukikaa naye nusu saa unatoka mwepesi.

Mwalimu alimwendea kama mtu mwenye kiu anavyokwenda kisimani. Lakini akiwa amebeba kalamu. Huo ndio ulikuwa udhaifu wake.

Sista, naye mtu wa Kagera, alimpokea kwa "Tumsifu Yesu Kristo," akamwonyesha kigoda, kisha akamfunulia kijikapu cha buni za kutafuna, zile za kwetu Kagera zinazochemshwa na majani yenye harufu na kuanikwa juani. Mhaya hakaribishwi akaachwa mdomo mtupu. Mwalimu alichukua mbili tatu, akaanza kutafuna na kuuliza. Aliuliza juu ya ukavu wa sala. Aliuliza juu ya kimya cha Mungu. Hakumuuliza Sista anavyoishi, wala yeye mwenyewe hakusema anavyoishi. Jina la Felicitas halikutajwa hata mara moja. Sista alijibu kidogo kidogo. "Sala ni kukaa," alimwambia. "Ukishakaa, usiwe na haraka ya kunyanyuka." Siku nyingine alimsimulia juu ya kengele ya monasteri: ikilia, unaiacha sindano palepale kwenye kitambaa, hata kama umebaki mshono mmoja. Alisema aliishi maisha yake yote kwa saa aliyopewa, na hajui kuishi vinginevyo.

Mwalimu aliandika yote. Safari kama tatu hivi alikwenda, na ya mwisho, alipokuwa akiaga, alisema, "Basi Sista, Alhamisi saa kumi nitapita." Alisema kama sisi sote tunavyosema. Ni nani hapa kwetu asiyemuaga mtu kwa "nitapita"? Mtu akikuambia hivyo huchemshi maji. Unajibu "karibu sana," na kila mmoja anashika njia yake.

Ila Alhamisi hiyo Mwalimu alikuwa na shughuli mjini, na kweli akapita. Alifika amechelewa, saa kumi na moja imeshagonga. Geti la uani lilikuwa wazi. Kwa ndani, mlango wa chumba nao ulikuwa wazi, na akamwona Sista ameketi juu ya mkeka, mikono mapajani, ametulia kabisa. Mbele yake kilikuwepo kile kigoda, kitupu. Mbele ya kigoda kijikapu cha buni kimefunuliwa. Hakuna mtu mwingine. Alikuwa akikitazama kile kigoda kwa uso ambao Mwalimu hakuwahi kuuona, uso wa mtu anayesubiri kwa furaha.

Mwalimu alivua kofia. Aliamini amemfumania mtakatifu akiwa na Bwana wake, aliyetengewa kigoda na kahawa kama mgeni wa heshima. Angeingiaje hapo na viatu vyake vya mjini? Akarudi kinyumenyume, kwa ncha za vidole, mpaka barabarani.

Hakurudi tena. Alijiambia ni adabu: mtu aliyeshiba namna ile humsumbui. Na tuseme ukweli, kitabu pia kilikuwa kimeshapata moyo wake. Jioni ileile aliandika sura aliyoiita "Kigoda cha Mgeni," na hakuwahi kuandika vizuri kama vile. "Dunia ilimwona mwanamke mzee peke yake chumbani," aliandika. "Macho ya dunia hayakumwona aliyekalia kigoda. Hakumhitaji mtu, kwa sababu nafasi ya mtu ilikuwa imejaa."

Sura hiyo ikawa fimbo yake ya kutembelea. Usiku ukiwa mrefu aliisoma. Alijiambia: yupo mmoja aliyeweza, nimemwona kwa macho yangu, basi inawezekana, nami nikivumilia nitafika. Kila jioni aliponyamaza pale katikati ya Salamu Maria, alikikumbuka kile kigoda, akaweza kuendelea.

Miezi michache baadaye Sista Teodora aliugua homa ya mapafu, akafa. Kwenye misa ya kumsindikiza Mwalimu alisoma sura ile, kanisa likatulia. Mjane mmoja wa Nyakato alilia kwa sauti. Mtu akairekodi, ikazunguka kwenye kundi la WhatsApp la parokia na kwingine, na Padri Elias, paroko, akasema kitabu kichapwe haraka kiwahi kumbukumbu ya mwaka. Akapendekeza pia jalada: picha ya kigoda chenyewe na kijikapu chenyewe, kama bado vipo.

Vilikuwepo. Mama Pramila alikuwa amevihifadhi. Mwalimu akaenda Mirongo siku ya Jumanne na simu yake ya kupigia picha.

Alimkuta mama huyo sebuleni kwake, mtu wa miaka kama sabini na tano, amevaa miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Watoto wake Sachin na Riya wako ng'ambo. Dukani amebaki mpwa. Mwalimu alimwamkia shikamoo, akajitambulisha. Mama aliitikia, akamtazama kwa muda.

"Wewe ndiye Mwalimu," alisema. "Mwalimu wa Alhamisi."

Mwalimu hakuelewa. Akadhani amesikia habari za kitabu, akaanza kumweleza juu ya sura yake: kigoda, buni, Mgeni asiyeonekana. Alieleza vizuri, ni kazi yake. Mama Pramila alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akasema kwamba hata yeye alidhani hivyohivyo. Yeye kila asubuhi huweka maua na matunda mbele ya miungu yake. Alipoona buni zimetengwa kila Alhamisi mbele ya kiti kitupu, aliona ni jambo analolifahamu. Siku moja akamuuliza Sista kama ndivyo anavyomwekea Mungu wake.

"Alicheka, Mwalimu. Alicheka mpaka akakohoa. Akaniambia, 'Mungu yupo kila siku, mama. Watu ndio hawaji.'"

Kisha akamweleza yaliyobaki, taratibu, bila ubaya. Kwamba Sista alikuwa na mgeni mmoja, mwalimu kutoka kwao, aliyesema atapita Alhamisi saa kumi. Mama Pramila alijaribu kumwambia kwamba hapa mjini watu wanasema tu. Sista hakukubali. Alisema mtu mzima ametaja saa. Basi kila Alhamisi alifua kanga yake nzuri, akafungua mlango, akaketi. Mara nyingine Mama Pramila alimwonea huruma, akashuka akakikalia kile kigoda yeye, akatafuna buni ambazo hazipendi. Alhamisi ya mwisho Sista alikuwa na homa tayari, na bado aliuliza kama geti liko wazi.

Mwalimu hakusema kwamba alikuja. Angesemaje? Kwamba alisimama pale getini, hatua chache tu, akaiona furaha usoni pa mtu anayemsubiri yeye, akaiandikia kitabu, akaondoka? Aliketi akiwa ameshika simu mpaka kioo kikazima. Mama Pramila alimletea maji. Alipoaga, mama akamkabidhi kijikapu, akasema kigoda atabaki nacho mwenyewe, amekizoea. Mwalimu alitaka kusema atapita kumsalimu. Akasema asante tu.

Picha hakupiga.

Alirudi Pasiansi, akafunga geti, akaketi gizani bila kuwasha hata taa moja. Ile fimbo ilikuwa imevunjika. Hakukuwa na mtu aliyeweza. Yule aliyesali maisha yake yote, aliyekaa na Mungu kuliko padri yeyote aliyemjua, alikuwa akifua kanga yake kila Alhamisi na kusikilizia geti. Mwalimu alimlilia, hakuwahi kumlilia hata msibani, maana msibani alikuwa anasoma. Alilia kwa hasira dhidi yake mwenyewe, kisha kwa huzuni tu. Na katikati ya kulia kuna kitu kikalegea ndani yake, akashangaa. Sista alikuwa na Mungu, na alikuwa mpweke. Vyote viwili, kwa wakati mmoja, katika chumba kimoja. Basi hata yeye Deodatus hakuwa na imani bandia. Alikuwa tu mtu ambaye mkewe amekufa, na anamkumbuka. Aibu aliyoibeba miaka mitatu haikuwa na sababu.

Alianza rozari. Alipofika pale katikati alinyamaza kama kawaida, na safari hii hakujilaumu. Alimwita Felicitas kwa jina, kisha akamalizia.

Padri Elias hakufurahi. Alikuwa mtu mwema, ila alishafikiria jalada. Alimwambia kwamba sura ile imejenga watu, kwamba mjane wa Nyakato anaisoma kila siku kwenye simu yake, kwamba si lazima kila ukweli uchapwe. Mwalimu alikiri kwamba hata yeye angependa kuiacha. Hakuna aliyeipenda zaidi yake. Lakini alisema ni mjane yuleyule anayemfikiria. Yule mama anajiona mwenye dhambi kwa kuwahitaji watu, na anayemfundisha hivyo ni Deodatus Bagenda.

Akaiandika upya, ikawa fupi sana. "Sista Teodora alikuwa mtu wa sala," iliishia hivyo, "lakini siku ile hakuwa akisali. Alikuwa akimngoja mwandishi wa kitabu hiki, naye alifika getini, akamwona, akarudi. Mungu alikuwa naye chumbani. Alihitaji na mtu."

Baada ya hapo alimwendea Mama Kashindye, akamwambia jumuiya sasa inaweza kusali kwake. Mama Kashindye alifurahi, ila zamu zilikuwa zimeshapangwa mpaka baada ya Pasaka. Familia mpya nyingi. Asubiri kidogo. Mwalimu alisema hakuna shida, akarudi nyumbani, na shida ilikuwepo. Mtu aliyefunga mlango miaka mitatu hategemei foleni siku ya kwanza anayoufungua. Alilijua hilo. Halikumsaidia.

Alhamisi ilipofika alifanya kitu ambacho angekicheka kwa mtu mwingine. Alimwomba jamaa wa kutoka Muleba buni, akazimimina kwenye kile kijikapu. Akafungua geti lote. Akatoa viti viwili barazani, kimoja akakalia, kingine akakiweka mbele yake, na kijikapu juu ya stuli. Saa kumi ilikuwa imefika. Upepo wa ziwani ulipita juu ya mawe ukaleta harufu ya dagaa. Mama mmoja alipita na ndoo, akapita mtoto wa shule, ikapita bodaboda. Mwalimu alikaa, mikono mapajani, akikitazama kiti kitupu, na alielewa kwa mwili wake mwenyewe jinsi saa kumi na moja inavyochelewa kufika.

Hapo ndipo Ngosha alipotokeza getini. Alikuwa ametoka kufyatua matofali, saruji imemganda miguuni, na redio ndogo mkononi. Aliliona geti wazi, jambo ambalo hajaliona siku nyingi, akachungulia. Akamwona Mwalimu ametulia kimya mbele ya kiti kisicho na mtu. Haraka akazima redio. Akavua kofia, akainamisha kichwa kwa heshima, na akaanza kurudi kinyumenyume kwa ncha za vidole, asije akamsumbua mzee katika sala zake.

Mwalimu alimwona. Kwa kitambo aliona ni rahisi zaidi kunyamaza, aachwe aonekane mtakatifu.

"Ngosha," aliita. "Sisali. Nangoja mtu. Ingia."

Ngosha alisimama, akatazama nyuma yake kuona kama kuna mwingine anayeitwa. Kisha akauliza kama avue viatu.

"Ingia navyo," Mwalimu alisema, akamsogezea kiti. "Na hiyo redio, iwashe."